Nimeapa kwa Kendi

Al Wukair,
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Kwako Lenny,

Usishtuke. Najua umekung'uta foronya ya samawati kwenye nguo chafu, ikaanguka karatasi. Ni mimi, Mumbua, binamu yako, na bado nina akili zangu timamu. Sina simu. Tumenyang'anywa simu zote tangu Jumapili, ziko ndani ya boksi la tende juu ya kabati la Madam. Pasipoti yangu, ambayo nilikuwa naiweka mwenyewe chini ya godoro, Madam aliiomba "aitazame kidogo," na hiyo kidogo haijaisha mpaka leo. Ndipo nikakumbuka kwamba nguo za nyumba hii huja kwenu huko Doha, kwa dobi, kila Jumanne na Jumamosi, na wewe ndiye unayezichambua. Haya, nimejifanya posta.

Lenny, naogopa. Ngoja nikueleze kwa mpango, maana nikianza kulia nitailowesha karatasi na ni hii moja tu niliyoichomoa kwenye daftari la mpishi.

Baba, mwenye nyumba hii (wote tunamwita hivyo), anakusanya sarafu za dhahabu za kale, za ile dola ya Waturuki iliyotawala mpaka Misri. Ziko kwenye kabati la vioo huko majlisi, sebule yao ya wageni. Mimi napangusa vioo. Vioo tu! Sarafu sizigusi, na sijawahi kuzigusa. Jumapili asubuhi nikaingia na kitambaa changu, nikaona kishimo kimoja kwenye mahameli kiko kitupu. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Siku hizi najiuliza kwa nini sikunyamaza nikaacha mtu mwingine aone.

Baba hakufoka. Afadhali angefoka. Alituita sisi watatu, mimi na Henry dereva, yule Mganda wa Masaka, na mpishi, akasema kwa sauti ya chini: ikirudi kabla ya mwisho wa Novemba, hataulizia ilikuwa wapi. Isiporudi, ni polisi, na hakuna atakayetoka nchi hii. Tiketi yangu ni ya tarehe 29, Lenny. Miaka miwili na miezi minne sijamshika mwanangu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na mimi naona huu mtego una mlango wa saizi yangu.

Mwambie mama, Susu wake Kendi, kwamba simu yangu imeharibika, basi. Usiseme zaidi. Jumanne mtoto anatimiza miaka saba na sitaweza hata kumwimbia. Jibu lako lirudishe ndani ya foronya hiyo hiyo. Ni ya kitanda changu, hakuna anayeigusa.

Wako,
Mumbua


Fereej Bin Mahmoud,
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Dadangu Mumbua,

Aki umenitisha! Nilidhani mpishi wenu amenitumia barua ya mapenzi. Nimeisomea chooni, kisha nikaichana vipande, nikavimwagia maji. Siku hizi mimi ni jasusi kamili.

Sasa sikiza. Huna hatia, na mtu asiye na hatia hulala. Hao matajiri hupoteza vitu kila siku. Wewe hujui tu. Mimi hapa nimetoa mifukoni mwao kalamu, tasbihi, funguo za gari, hata jino la dhahabu, haki ya Mungu, jino zima! Tunalitia kwenye kifuko, tunalibana kwa pini kwenye nguo ile ile, linarudi kwao. Hiyo sarafu iko chini ya kochi. Wataipata, na utaenda nyumbani umebeba sanduku la maziwa ya unga kama watu wengine.

Halafu nina habari ya kukufurahisha. Alhamisi iliyopita Terry, yule nesi wa kanisani kwetu, alisafiri kwenda likizo Machakos. Nikamkumbuka msichana wetu. Nikamtumia kidani cha shingoni, kazi ya mkono wangu mwenyewe, si kitu cha bei lakini kinang'aa. Nikamwambia Terry aseme kimetoka kwa mama yake. Usinigombeze! Nilijua una shughuli, na mtoto wa miaka saba hataki kuambiwa habari za mjomba. Kesho atakivaa.

Hebu niambie, hiyo sarafu yenyewe iko vipi? Ni kubwa kama shilingi arobaini yetu? Nikiiona huku duniani nikupigie saluti.

Nimeshaongea na Susu. Wote wazima, mvua imeanza, mbuzi amezaa mapacha.

Kakako,
Lenny


Al Wukair,
Ijumaa, 8 Novemba 2024

Lenny,

Mungu akubariki kwa kidani. Nililia, kisha nikacheka. Umeniokoa. Nilijua utasahau kununua soksi zako mwenyewe lakini hutamsahau Kendi.

Umeniuliza sarafu iko vipi. Wala haifanani na shilingi arobaini. Ni nyembamba kama ukucha, ukiipuliza unadhani itaruka. Baba alinionyesha mara moja, kabla ya haya. Haina meno pembeni na si duara sawasawa. Imepinda kidogo, na maandishi yameegemea upande mmoja kama mtu aliyelala vibaya kitandani. Anasema zamani hizo hapakuwa na mashine. Fundi aliweka kipande cha dhahabu katikati ya mihuri miwili, akagonga kwa nyundo, basi, sarafu hiyo. Upande mmoja ina jina la Sultani Suleiman mwana wa Selim, na Misri, na mwaka 926 wa Kiislamu. Nikamwuliza, yaani ilitengenezwa mwaka huo? Akacheka. Huo ni mwaka Sultani alipokalia kiti. Alitawala zaidi ya miaka arobaini na sarafu zake hazikuacha kusema 926. Upande wa pili ni majisifu matupu: mpiga dhahabu, mwenye enzi na ushindi barani na baharini. Nikasema moyoni, haya, baharini nako!

Baba ana mazoea ya kuchomoa moja na kutembea nayo kuwaonyesha wageni. Anasema dhahabu haiogopi vidole. Lakini hii anashikilia kwamba aliirudisha kwa mkono wake.

Sasa nikwambie ya Jumatano. Baba alituita majlisi tena. Mezani palikuwa na Kurani na Biblia, sijui Biblia aliitoa wapi. Akasema kila mtu aape kwa dini yake. Mpishi akaapa. Ikafika kwa Henry, akakataa! Wewe unamjua, ni wa wale waliookoka kabisa. Akasema Bwana amekataza, msiape kabisa, ndiyo yenu iwe ndiyo. Nilimkanyaga mguu kichinichini, akaukaza kama mwamba. Baba akamtazama hivi kwa muda mrefu.

Ikawa zamu yangu. Lenny, niliogopa sana kwamba wataona sisi Waafrika tumepanga njama. Nikaona nile kiapo kizito kuliko walichoniomba, wasiwe na la kusema. Unakumbuka babu alipokula kithitu, kile kiapo chetu cha Kikamba, kwa ajili ya shamba la Kathiani? Unakumbuka alivyosema, kiapo lazima kizibe milango yote, usiache hata upenyo? Basi na mimi nikaziba. Nikaweka mkono juu ya Biblia nikasema: kama sarafu hii imeingia mkononi mwangu, au mkononi mwa mtu yeyote wa damu yangu, mtoto wangu Kendi asiuone mwaka mpya.

Hata Madam alishtuka. Baba akasema, inatosha, inatosha.

Tangu siku hiyo nalala. Nimejisafisha mbele yao na mbele ya Mungu. Mtu hawezi kumtaja mwanawe hivyo kama ana doa.

Wako,
Mumbua


Fereej Bin Mahmoud,
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mumbua,

Barua imefika. Kazi ni nyingi, nitaandika kifupi.

Nyumbani ni wazima.

Nilitaka kukuuliza, uliapa maneno hayo hasa? Ulisema "mtu yeyote wa damu yangu"? Hukusema "kwa kujua" au kitu kama hicho? Na kithitu cha babu, wewe ni mkubwa kwangu, unakumbuka vizuri zaidi: mtu akiapa hali hajui, kinamshika? Na kuna namna ya kukirudisha nyuma? Nauliza tu. Hapa kazini tulikuwa tunabishana habari za viapo.

Usiongee sana na Baba. Usijipeleke mbele yake bila kuitwa.

Lenny


Al Wukair,
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Lenny,

Mbona umeniandikia kama mtu anayejaza fomu? Nusu ukurasa! Wewe ambaye ukipewa nafasi ya kuombea chakula, chakula kinapoa. Na hayo maswali ya viapo, eti mlikuwa mnabishana kazini. Na nani? Na Athanas msimamizi wako, anayejua mpira peke yake?

Kuna kitu unanificha. Kendi ni mgonjwa? Niambie. Mimi si yai.

Nikujibu ulichouliza, kwa vile umenitia wasiwasi. Ndiyo, nilisema hayo hasa. Na kithitu hakiulizi kama ulijua au hukujua. Babu alisema ndiyo sababu watu hukiogopa kuliko mahakama: mahakama husikiliza sababu. Tena hakimshiki aliyeapa, kinamshika yule anayependwa naye. Kukirudisha nyuma kunawezekana, lakini lazima kwanza kitu kirudi kwa mwenyewe, na aliyeapa aende kwa yule aliyemwapia, amwambie mdomo kwa mdomo: nilikudanganya. Kabla ya hapo hata wazee wa kutakasa hawatakugusa. Sasa hiyo inatuhusu nini?

Huku mambo ni mabaya. Jana walikuja watu wawili wakamchukua Henry. Si kwa pingu, lakini walimchukua. Baba amesema mtu asiyeweza kuapa ana anachokiogopa. Henry aliniachia Biblia yake jikoni, akaniambia, "Dada Mumbua, niombee, mke wangu ana mimba ya miezi minane." Mke wake yuko Masaka, Lenny. Nimeosha vyombo vyote vya jikoni mara mbili ili nisifikiri. Mimi niko huru kwa sababu ya mdomo wangu, na yeye yuko ndani kwa sababu alishika dini yake. Nimemwambia Madam kwamba Henry si mwizi. Akaniambia, "Wewe nyamaza, wewe tumeshakuamini."

Nijibu. Na ujibu kama Lenny ninayemjua.

Mumbua


Fereej Bin Mahmoud,
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Dadangu,

Keti kabla ya kusoma. Kama uko stoo ya nguo, funga mlango.

Iko kwetu. Sarafu. Iko shingoni kwa Kendi.

Nimeandika hayo mstari wa kwanza kwa sababu nimejaribu mara nne kuanza mbali na kila mara nafika katikati naacha. Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba nilikuwa nachambua kanzu za nyumba yenu, na kwenye mfuko wa kifuani wa moja kulikuwa na kitu chembamba. Sheria ni kutia kwenye kifuko na kubana pini, nilikwambia. Lakini Mumbua, nilipokitazama sikuona sarafu. Sarafu ninazozijua ni duara na zina meno pembeni, na maandishi yako katikati. Hii imepinda, herufi zimekimbilia upande. Nikamwonyesha Athanas, akacheka, akasema ni kibati cha kushonea magauni ya sherehe ya watoto, soko zima limejaa, tupa. Sikutupa. Nikasema kinang'aa, Kendi atakipenda. Tuna mashine ya kubana vifungo vya chuma. Nikakitoboa nayo, nikatia mnyororo. Ndicho kile kidani.

Niliposoma barua yako ya tarehe 8, mahali uliposema maandishi yameegemea kama mtu aliyelala vibaya, nilikuwa nimeshika pasi. Niliunguza kanzu ya watu. Nikaendelea kusoma, nikafika kwenye kiapo chako. Mumbua, kidani kilimfikia Jumanne. Wewe uliapa Jumatano.

Nilitaka kukwambia wiki iliyopita. Niliogopa. Ni woga tu, sina jina lingine la kuuita.

Kuna lingine, na naapa, hapana, siapi. Nakwambia ukweli. Kendi ana homa tangu Alhamisi. Susu alimpeleka zahanati, wamesema ni malaria, wamempa dawa. Watoto hupata malaria msimu wa mvua kila mwaka, unajua hivyo. Nimejiambia hivyo siku nne. Nimemwambia Susu amvue kidani, lakini sikumpa sababu, na Kendi amekataa, analia, anakifunika kwa mkono hata akilala. Anasema ni cha mama.

Sasa nisikilize kabla hujafanya kitu. Fikiria jinsi jambo hili litakavyoonekana. Sarafu imetoka kwa mwajiri wako, ikapita mikononi mwa binamu yako, ikavushwa nchi, iko nyumbani kwa mama yako, imetobolewa. Na sisi tunaandikiana barua za siri ndani ya foronya! Nani ataamini? Mimi mwenyewe nikisimuliwa siamini. Terry anarudi tarehe 2 Desemba. Nitamwomba airudishe. Wewe utakuwa umeshaondoka na ndege yako ya tarehe 29. Mimi nitaitia kwenye kanzu na kuibana pini, niseme nimeipata siku hiyo. Tundu litawashangaza lakini hawatamjua aliyetoboa. Henry atatolewa. Ni wiki mbili tu. Nakuomba. Ukiingia kwa Baba sasa, hakuna atakayetoka: si wewe, si mimi, si Henry.

Choma barua hii.

Nisamehe,
Lenny


Al Wukair,
Jumanne, 19 Novemba 2024

Lenny,

Naandika nyuma ya orodha ya nguo. Cyrus wenu wa gari anasubiri nje, anafikiri nahesabu mashuka. Nina haraka, soma hivyo hivyo.

Wiki mbili? Unanihesabia wiki mbili na mtoto anachemka? Nilisema asiuone mwaka mpya, mimi, kwa mdomo wangu huu, na kitu chenyewe kilikuwa shingoni mwake nilipokuwa nasema. Usiniambie malaria. Najua malaria. Na pia najua nilichosema. Hata kama ni malaria tupu, mimi sitaketi hapa kusubiri kuona.

Mpigie Susu saa hii hii. Mwambie yote, mwambie kiapo, neno kwa neno. Yeye ni Mkamba, hutamwelezea mara mbili.

Mimi naingia kwa Baba gari likitoka. Ametoka kuswali adhuhuri, yuko majlisi peke yake. Sikuichoma barua yako. Iko ndani ya aproni yangu, pamoja na ile ya kwanza, ya jino la dhahabu, na ile ya nusu ukurasa. Nitampa zote. Atafute mtu wa kumtafsiria. Maneno yangu mwenyewe hayatatosha, yako ndiyo ushahidi kwamba hukujua. Na ndiyo ushahidi kwamba ulijua baadaye ukanyamaza, najua, Lenny, najua ninachokufanyia. Ukitaka kukimbia, kimbia leo. Sitakulaumu. Ulimkumbuka mwanangu siku ambayo mimi sikuweza.

Sijui kama nitakuandikia tena. Nimekunywa maji glasi tatu na mdomo bado mkavu. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku niliyomzaa.

Cyrus anapiga honi.

Mumbua


Doha,
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mpendwa Kendi, mwanangu,

Barua hii anakuletea mjomba Bradley, rafiki wa mjomba Lenny. Susu atakusomea. Keti karibu naye, na usimkatize, maana nakujua.

Juzi tuliongea kwenye simu na sauti yako ilikuwa kubwa kama kawaida. Susu anasema homa imeshuka, umekula uji, umemfukuza jogoo. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu nikakuomba uvue kidani, ukasema hapana, ni changu, mama alinitumia, ukakata simu. Leo nakueleza.

Kendi, mimi sikukutumia hicho kidani. Siku yako ya kuzaliwa sikuwa na simu, na sikukutumia chochote. Mjomba Lenny alikitengeneza kwa sababu anakupenda, akasema kimetoka kwangu ili usihuzunike. Alikosea, na anajua. Kile kilicho kwenye mnyororo ni sarafu ya zamani sana, ya mfalme mmoja aliyekufa kabla Susu wa Susu hajazaliwa, na ina mwenyewe. Ilianguka mfukoni mwake, ikapita mikononi mwetu kwa bahati mbaya. Mwenyewe nimekwisha kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasoma barua za mjomba Lenny pamoja na mtu anayejua Kiswahili. Kisha akasema niliyeapa ni mimi lakini aliyeitia mfukoni ni yeye. Akaniuliza kama mtoto ni mzima. Ni mtu mzuri, ila anataka kitu chake, na ni haki yake. Tundu analijua, amesema hata wanawake wa zamani walizitoboa wakavaa.

Rafiki yangu Henry, aliyekuwa mbali kwa sababu ya jambo hili, amerudi. Mjomba Lenny naye alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa shati alilolipiga pasi, akasimama langoni. Kwa sasa haendi kazini. Kuna watu wa ofisi wanaotuuliza maswali, mimi na yeye, kila asubuhi. Wana adabu. Usiogope.

Sitakuja Ijumaa kama nilivyoahidi. Najua ulimwambia mwalimu. Nitakuja sarafu ikishafika hapa na maswali yakishaisha, sijui lini. Ningeweza kukutajia siku ili ufurahi, lakini nimeapa mara moja mwaka huu na inatosha.

Sasa nakuomba, na sikuombi kama mchezo. Ivue. Bradley ataingoja hapo hapo mlangoni, hatakunywa hata chai kabla hujampa. Usiifiche chini ya mto, usimpe Susu aifiche, usiseme kesho. Siwezi kukueleza sababu yote mpaka uwe mkubwa, na hata hapo sijui kama nitaweza. Mama alisema neno baya akiwa ameogopa, na neno hilo halilali mpaka sarafu itoke shingoni mwako.

Najua utalia. Najua utasema mama ni mwongo, hakunitumia kitu, na sasa ananinyang'anya hata cha mjomba, na Ijumaa haji. Yote ni kweli. Sema. Mwambie Susu, mwambie mwalimu, kataa kuongea na mimi kwenye simu mpaka Krismasi ipite. Nikasirikie kabisa, mwanangu, mradi unikasirikie ukiwa mzima.

Mama yako,
Mumbua